SERIKALI NDOGO: NI NDOGO KWA NANI?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Mtongwe)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya siasa ya Marekani, na najua wengine wenu wauliza: sisi watu wa Mtongwe, ambao kila alfajiri twawaza jinsi ya kuvuka kwenda kazini, tuna haja gani na siasa ya nchi iliyo ng'ambo ya bahari? Jibu langu ni fupi. Maneno yanayosemwa Washington hayakawii kufika Nairobi, na yakisha fika Nairobi hushuka mpaka bandarini, hospitalini na shuleni. Yafaa basi tuyajue yangali mbali, ili yakifika tusiyapokee kama wageni wasiojulikana.

Neno lenyewe ni hili: "serikali ndogo." Wanaolishika sana katika Marekani ni wahafidhina, na wengi wao wako katika chama cha Republican. Nitaeleza kwanza wanalosema, kwa haki, bila ya kuwakejeli. Halafu tutatazama lilivyokwenda kwao, na lilivyokuja kwetu.

WANALOSEMA

Wasema mambo manne. La kwanza, mshahara wa mtu ni jasho lake, na serikali isichukue humo ila kiasi kisichoweza kukosekana. La pili, mfanya biashara akiondolewa vizuizi vingi atapanua kazi yake, na akiipanua ataajiri watu. La tatu, mamlaka yawe karibu na watu. Jambo linaloweza kuamuliwa katika jimbo lisipelekwe Washington. La nne, serikali ikizoea kumfanyia mtu kila kitu, mwisho itamwamuru katika kila kitu.

Mawazo haya ni ya zamani kwao, na yalianza bandarini. Mwezi wa Desemba 1773, watu wa mji wa Boston waliingia katika meli usiku wakatupa baharini masanduku ya chai, kwa sababu Bunge la Uingereza lilikuwa likiwatoza ushuru nao hawana mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo. Taifa lililozaliwa katika ugomvi wa kodi halishangazi likiwa na watu wengi wanaoitazama kodi kwa jicho kali.

KWA NINI NENO HILI LAPENDEZA

Msidhani kwamba neno hili huwapendeza matajiri peke yao. Wako wafanyakazi wengi wa Marekani wanaolipigia kura, na sisi wenyewe tukijiuliza kwa kweli tutaona tunaijua sababu.

Chukua karatasi yako ya mshahara uisome. Kuna kodi ya mapato. Kuna makato ya NSSF. Mwaka 2024 pakaja sheria ya ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo pakaja makato ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75. Kila moja lina maelezo yake mazuri. Lakini mtu anayekatwa hivi, kisha akaenda hospitali akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje, mtu huyo hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia mpaka Bungeni, na watu wakafa kwa risasi. Siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule. Vijana wale wengi hawakuwa wafuasi wa mhafidhina ye yote wa Marekani. Walikuwa wakisema: pesa zetu zaliwa.

Kadhalika wazee wakumbuka simu. Hadi mwaka 1999 simu zote zilikuwa mkononi mwa shirika moja la serikali, la Posta na Simu, na mtu aliweza kungoja miaka kabla ya kuwekewa simu nyumbani. Shirika lile lilipogawanywa na makampuni ya simu za mkono yakaruhusiwa, katika muda mfupi hata mchuuzi wa samaki akawa na simu yake. Hilo ni jambo jema, na anayesema kwamba kila shirika la serikali lafaa kulindwa kama lilivyo, huyo hakuishi katika nchi hii.

Na juu ya mamlaka kuwa karibu na watu, Pwani tulilisema jambo hili kabla ya wengi. Marehemu Ronald Ngala na chama chake cha KADU walipigania majimbo, yakaingia katika katiba ya 1963, na mwaka wa pili yakaondolewa. Ilitupasa kungoja katiba ya 2010, na serikali za kaunti zikaanza 2013. Kwa hiyo Mmarekani akisema kwamba mtu aliye mbali hawezi kujua shida ya kijiji, sisi twamwelewa vizuri.

LILIVYOKWENDA KWAO

Sasa tutazame matendo. Mwaka 1964 chama cha Republican kilimsimamisha Barry Goldwater, mtu aliyetaka serikali ndogo waziwazi. Alishindwa vibaya, akapata majimbo 6 tu katika 50. Lakini wenzake hawakuacha kazi. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kuzuia kodi ya nyumba na ardhi isipite kiasi cha asilimia moja ya thamani. Mwaka 1980 Ronald Reagan akachaguliwa kuwa Rais, na katika hotuba ya kuapishwa, mwezi wa Januari 1981, aliwaambia watu kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa chanzo cha taabu zao za wakati ule.

Katika uchaguzi ule palikuwa na chama cha wafanyakazi kilichomwunga mkono Reagan. Kilikuwa chama cha waongozaji wa ndege, kwa jina PATCO. Watu hawa ndio wanaoziambia ndege lini zipae na lini zitue. Kazi yao ni nzito, nao walikuwa wakidai mshahara bora na saa chache zaidi. Vyama vingi vya wafanyakazi vilimpinga Reagan, lakini wao walitumaini kwamba wakimsaidia atawasikiliza.

Tarehe 3 Agosti 1981 waligoma, watu kama 13,000. Ni kweli kwamba sheria ya Marekani ilikataza watumishi wa serikali kuu kugoma. Rais aliwapa saa 48 warudi. Zilipokwisha, aliwafukuza zaidi ya 11,000, na kabla ya mwaka kwisha chama chao kikafutiwa haki ya kuwasemea wafanyakazi. Waajiri wa makampuni waliona, wakajifunza. Kutoka hapo ikawa jambo rahisi zaidi kwao kuwaondoa wagomaji na kuweka wengine. Mwaka 1983 wafanyakazi 20 katika kila 100 wa Marekani walikuwa wanachama wa vyama. Mwaka 2024 hawakutimia 10.

Ndugu zangu, angalieni vizuri. Serikali ile iliyosema yataka kuwa ndogo haikuwa ndogo hata kidogo siku ya mgomo. Na hapo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1947 Bunge la Marekani, lililokuwa mkononi mwa Republican, lilipitisha sheria iitwayo Taft-Hartley, juu ya kura ya kukataa ya Rais Truman. Sheria hiyo ilitia mkono wa serikali ndani kabisa ya mambo ya vyama: migomo ya namna gani haramu, mapatano gani na mwajiri haramu. Watu waliosema mfanya biashara aachwe huru hawakusema mfanyakazi naye aachwe huru.

TAABU TATU

Wahafidhina wa Marekani wamekuta taabu tatu katika njia yao, na taabu hizo hazijaisha.

Ya kwanza: watu huipenda serikali ndogo katika hotuba, lakini hawapendi kupunguziwa fungu lao. Wamarekani wana malipo ya uzeeni yaliyoanzishwa 1935, na matibabu ya wazee yaliyoanzishwa 1965. Mzee anayepiga kura ya serikali ndogo hataki malipo yake yaguswe. Amelipia miaka yote ya kazi yake, na ana haki. Reagan alishusha kodi ya mapato ya matajiri wakubwa kutoka asilimia 70 mpaka 28, na wakati huo huo akaongeza matumizi ya jeshi. Pesa zilipungua kuingia, hazikupungua kutoka. Basi wakakopa. Katika miaka yake minane deni la serikali ya Marekani liliongezeka karibu mara tatu. Mkubwa akipunguza kodi kwa kukopa, kodi haikuondoka. Imeahirishwa, na atakayeilipa ni mtoto.

Ya pili: mamlaka ya karibu yaweza kuwa jela ya karibu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, neno "haki za majimbo" lilitumiwa miaka mingi kumnyima mtu mweusi kura na shule. Mwaka 1957 Rais Eisenhower, mtu wa Republican, ilimbidi kupeleka askari Little Rock ili watoto tisa weusi waweze kuingia katika shule. Kiongozi wa wafanyakazi wa mabehewa ya kulala, A. Philip Randolph, hakwenda kwa gavana wa jimbo kudai haki. Aliwaongoza watu Washington tarehe 28 Agosti 1963, kudai kazi na uhuru. Alijua kwamba mnyonge akionewa na jirani yake, huhitaji mkubwa wa kumkimbilia.

Ya tatu: ukikata, huwezi kujua kamba uliyoikata ilikuwa imeshika nini. Mwaka 2025 serikali ya Rais Trump ilianza kupunguza idara kwa haraka kubwa, na kazi ile aliwekwa tajiri Elon Musk kuisukuma mbele. Shirika la misaada la USAID lilifungwa, na tarehe 1 Julai 2025 likawa limekwisha. Kwa mpiga kura wa huko, hiyo ilikuwa hesabu ya kodi yake. Kwa huku kwetu, ilikuwa wauguzi na watumishi wa kliniki za ukimwi walioachishwa kazi ghafula, na wagonjwa waliojiuliza dawa zitatoka wapi. Sitasema Mmarekani analazimika kutulisha. Serikali yetu ndiyo iliyopaswa kujitayarisha. Nasema tu kwamba neno lililosemwa mbali lilitufikia kwa miezi michache.

Na mwaka huo huo, kutoka tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, ofisi nyingi za serikali ya Marekani zilifungwa siku 43, kwa sababu Bunge halikupatana juu ya matumizi. Waongozaji wa ndege, wale wale wa kazi iliyowatoa wenzao 1981, walifanya kazi bila ya kulipwa mshahara. Hapo ndipo abiria waliochelewa safari walipotambua kwamba "serikali" ni watu wenye majina na watoto.

LILIVYOKUJA KWETU

Sisi nasi tumeiona serikali ndogo, hata kabla ya jina hilo kutufikia. Serikali ya mkoloni ilikuwa ndogo sana kwa mfanyakazi wa Mombasa. Nyumba hazikutosha, mshahara haukutosha chakula, matibabu yalikuwa haba. Lakini polisi walitosha. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma pamoja, watu kama 15,000. Walitaka mshahara wa kuishi. Kiongozi wa shirikisho lao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishwa mpaka Baringo. Serikali iliyokosa pesa za nyumba haikukosa pesa za kumhamisha mtu.

Baada ya uhuru tulijenga hospitali na shule. Kisha katika miaka ya 1980 mikopo ilizidi, na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha wakatushauri, kwa ushauri wa mwenye kukopesha, tupunguze serikali. Mwezi wa Desemba 1989 wagonjwa wakaanza kulipa ada katika hospitali za serikali. Jina lilikuwa zuri: kugawana gharama. Wagonjwa wakapungua sana, na haikuwa kwa sababu wamepona. Mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha ikarudishwa kidogo kidogo. Watumishi wa serikali walipunguzwa kwa maelfu katika miaka ya 1990. Shuleni nako wazazi walilipa, mpaka mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure. Na mwaka ule watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Jiulizeni watoto wale walikuwa wapi mwaka wa kabla yake.

Reli ilipewa kampuni ya watu binafsi, Rift Valley Railways, mwaka 2006, kwa mkataba wa miaka 25. Tuliambiwa mfanya biashara ataiendesha vizuri kuliko serikali. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, na reli ikarudi serikalini katika hali isiyopendeza. Simu ilifaulu, reli ikashindwa. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba ubinafsishaji daima ni dawa, wala kwamba daima ni sumu. Shauri ni mkataba umeandikwaje, na nani ausimamia.

Hapa kwetu kuna feri. Katika kivuko cha Likoni mtu wa miguu halipi. Gari ndilo linalolipa. Je, mfanya biashara gani angevusha umati ule wa asubuhi na jioni bure? Ukiandika hesabu ya feri peke yake utaona hasara. Lakini ukiandika hesabu ya mji mzima, ya makuli, waashi, mayaya, wauza maduka na askari wa ulinzi wanaofika kazini kila siku kwa sababu kivuko hakiwatozi, utaona faida ambayo haiandikwi katika kitabu cha feri. Waajiri wa kisiwani nao wapata faida hiyo, ingawa wengine wao hulalamika juu ya kodi.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, karibu na nchi kavu, ikiwa imepakia watu kupita kiasi chake. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda kazini. Katika mitaa hii ni nyumba chache ambazo hazikumjua hata mmoja wao. Feri ile ilikuwa ya shirika la umma. Umma ulikuwa na jina katika shirika lile, lakini haukuwa na jicho wala sauti ndani yake. Serikali kubwa isiyoulizwa huua, kama vile serikali ndogo isiyojali. Marehemu wale hawakuhitaji serikali kubwa au ndogo. Walihitaji mtu mmoja kwenye lango mwenye amri ya kusema, "Basi, imejaa," na sheria ya kumlinda atakaposema hivyo.

TUULIZE NINI?

Mwezi wa Oktoba 2023 jirani zetu wa Tanzania walitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya DP World ya Dubai, iendeshe sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Habari kama hizo juu ya Mombasa tumezisikia mara nyingi, na tutazisikia tena. Watakaokuja kutueleza watasema serikali ni nzito, ni ya wizi, na ipunguzwe. Tusiwajibu kwa kelele. Tuwaulize maswali matatu, na katibu wa tawi ayaandike pamoja na majibu yao.

Swali la kwanza: Serikali itakuwa ndogo kwa nani? Kama wakaguzi wa kazi katika ofisi ya leba ndio watakaopunguzwa, na askari wa kuvunja migomo hawapunguzwi, basi serikali haikuwa ndogo; imegeuza uso tu.

Swali la pili: Mzigo utakaotuliwa utabebwa na nani? Mzigo hauyeyuki. Serikali ikiacha kumtibu mzee, atatibiwa na binti yake aliyeacha kazi akae nyumbani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa mtu wa Washington au Nairobi kusema ni mwepesi.

Swali la tatu: Likiharibika, tutamshika nani? Mjumbe tunaweza kumnyima kura. Mkurugenzi wa kampuni ya ng'ambo hatumjui hata sura. Mkataba usioonyeshwa watu, usio na kifungu cha kulinda kazi, haki za uzeeni na usalama, tuukatae, hata kama ni wa serikali yenyewe.

Na sisi tuwe tayari kuulizwa. Tukitetea shirika la umma, tutetee kazi yake, tusimtetee mwizi aliye ndani yake. Mwanachama wetu anayeomba chochote cha chai mlangoni ndiye anayewapa watu wa serikali ndogo hotuba yao. Kila shilingi iliyoibiwa katika shirika la umma ni kura moja ya kulivunja. Na chama chetu hiki nacho ni serikali yetu ndogo: kina ada, kina hesabu, kina viongozi. Tukiiendesha kwa usafi, hesabu zikasomwa mbele ya wanachama, tutakuwa na uso wa kudai usafi kwa wengine.

Tena tukumbuke waongozaji wa ndege wa 1981. Walimpa mtu kura kwa ahadi, wakatoka peke yao bila ya kujipanga na vyama vingine, na siku ya taabu walibaki peke yao. Uchaguzi ukifika, chama kisimwunge mkono mtu kwa maneno matamu kabla hajajibu kwa maandishi maswali yale matatu.

Mwisho wa maneno yangu nawaomba kila mmoja wenu, mkutano ujao, alete karatasi yake ya mshahara. Tutakaa tuihesabu pamoja: kiasi gani kimekatwa, kimekwenda wapi, na tumepata nini badala yake hapa Mtongwe. Hesabu hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa mjumbe wetu.